i7 sio lazima iishinde i5
Watu wengi wanaonunua laptopu za mtumba wanaamini prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i7 ni kali kuliko i5 siku zote, na hii imani inawakula hela bure. Ile 7 ni daraja tu ndani ya toleo moja la prosesa za Intel, ukitaka kujua toleo soma mwanzo wa namba inayofuata baada ya kistari. Chukua i7-7500U, hiyo ni toleo la 7 na ina kori (vitengo vinavyofanya kazi ndani ya prosesa) 2 tu, halafu iweke na i5-8250U ya mwaka 2017, toleo la 8, kori 4, yaani ukifungua vitu vingi kwa pamoja i5 inaiacha mbali kabisa na muuzaji bado anakutajia i7 kwa bei ya juu.

Kwahiyo usiishie kwenye stika, maana stika hata kubandikwa inabandikwa, washa mashine, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika dxdiag, jina kamili la prosesa linatokea. Halafu Windows 11 kwa Intel inataka toleo la 8 kupanda juu, ukiacha chache sana, na Windows 10 sapoti yake ya kawaida iliisha Oktoba 2025. Chenji ikibaki weka SSD (diski ya kisasa yenye kasi) kwanza.