Albamu ya Pili Iliyomo Ndani ya Ile ya Kwanza

Mwaka 2022 Horace Andy, mwimbaji wa Jamaika ambaye wengi wa rika langu tulimfahamu kupitia kundi la Uingereza la Massive Attack, alitoa albamu ya Midnight Rocker, na kabla mwaka haujaisha ikafuatiwa na Midnight Scorchers, ambayo kwa sehemu kubwa ni kazi ileile iliyofumuliwa na kusukwa upya na Adrian Sherwood, mtayarishaji wa lebo ya On-U Sound ya Uingereza. Rafiki zangu wapenzi wa rege hapa Sinza waliniuliza kwa nini mtu anunue nyimbo zilezile mara mbili. Swali ni la haki, na jibu lake limo kwenye meza ya kuchanganyia sauti, ambako ndiko ninakopatia riziki yangu.

Kazi hiyo ya kuufumua wimbo wa rege uliokwisha kurekodiwa na kuuchanganya upya huitwa dabu, nayo ilikomaa Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1970, hasa mikononi mwa King Tubby, fundi wa redio wa mtaa wa Waterhouse, ambaye alinunua meza ya treki nne, yaani njia nne za sauti zinazojitegemea, iliyokwisha kutumika katika studio ya Dynamic Sounds. Kwa kuwa vyombo na sauti ya mwimbaji viligawanywa katika treki mbalimbali, aliweza kumkata mwimbaji katikati ya neno, akaiacha silabi ya mwisho ijirudie kwenye mwangwi huku ngoma na besi zikiendelea peke yake, kisha akamrejesha pale msikilizaji alipokwisha kumsahau. Yote hayo yalifanywa kwa vidole, mkanda ukizunguka, kwa hiyo fundi mitambo naye alikuwa mpigaji katika bendi. Mwaka 2019 Sherwood alifanya vivyo hivyo na Lee Perry, mwimbaji na mtayarishaji wa Jamaika: albamu ya Rainford ilitangulia, ikafuata Heavy Rain, ambayo kwa sikio langu imeipita iliyoizaa. Reset in Dub ya 2023, aliyoitengeneza kutokana na kazi ya Panda Bear na Sonic Boom, inaonyesha kwamba hata wanamuziki wasio wa rege wanaweza kushirikiana naye, mradi wamkabidhi treki zao zikiwa zimetenganishwa.

Sharti hilo ndilo linalotukwamisha Dar es Salaam. Bendi zetu za dansi zilizorekodi Radio Tanzania zilipiga kwa pamoja, moja kwa moja kwenye mkanda, na utamu wa rekodi zile unatokana na hilo. Lakini kwenye meza huwezi kumtoa mwimbaji bila kumtoa na mpiga gitaa aliyesimama karibu naye. Leo tunarekodi kwa kompyuta, kila chombo kwenye treki yake, ila utunzaji wetu ni duni. Hivi karibuni msanii mmoja wa rege aliniomba nimtengenezee dabu ya wimbo wake, nami nikamwomba treki. Alikuwa na faili moja tu kwenye simu, kwani studio iliyomrekodi ilikwisha kufuta mengine yote. Nilijaribu kuutia mwangwi wimbo mzima, na ngoma, besi na sauti yake vikavuma pamoja kama vitu vilivyotumbukizwa ndani ya pipa.