*fehu: mifugo, mali na fedha katika neno moja

Nyota iliyo mbele ya *fehu ina maana kwamba neno hili halijakutwa katika andiko lolote. Wanaisimu wameliunda upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa na lugha mame (lugha mzazi) ya Kijerumaniki, familia ya Kiingereza, Kijerumani na ndugu zao, kwa njia ileile inayoonyesha kuwa ng'ombe ya Kiswahili, inkomo ya Kizulu na mombe ya Kishona zina shina moja la Mame-Bantu.

Kigothi cha karne ya 4, lugha ya Kijerumaniki iliyokwisha kufa, katika Biblia iliyotafsiriwa na askofu Wulfila, kina faihu: fedha, mali. Feoh ya Kiingereza cha Kale ilibeba mifugo na mali pia. Vieh ya Kijerumani (V husomwa f) na vee ya Kiholanzi zimebaki na mifugo tu. Kiaislandi kimehifadhi vyote: fé ni kondoo, na fé ni fedha.

Kilatini kina pecus, mifugo, na pecunia, fedha. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani *fehu iliazimwa kwa Warumi. Sauti zinakataa. Kwa kanuni aliyoieleza mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm mwaka 1822, p ya Kiindo-Ulaya, lugha mame ya Kilatini na ya Kijerumaniki pia, iligeuka f katika Kijerumaniki, na k ikawa h. Ndiyo sababu pater ya Kilatini inalingana na father ya Kiingereza. Neno lililoazimwa baada ya badiliko hilo hubaki na p yake, kama pound, iliyotoka katika pondo ya Kilatini. *fehu ina f na h zote mbili. Ni urithi, na pecus ni ndugu yake, si mzazi.

Mjukuu wa kushangaza ni fellow ya Kiingereza. Imetoka kwa Waskandinavia, félagi: fé pamoja na shina la kuweka, yaani mtu aliyeweka mali yake pamoja na mwenzake katika shughuli moja, kama wanachama wa kikundi cha hisa. Mali imefutika katika maana, ushirika umebaki.

Je, mifugo ndiyo iliyogeuka fedha? Vitabu vingi husema hivyo. Mwanaisimu Mfaransa Émile Benveniste alipinga: kwake maana ya kwanza ni mali inayohamishika, na mifugo ilipewa jina hilo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mali kuu ya aina hiyo. Hoja yake ina uzito, kwa sababu Kigothi, chenye maandishi marefu ya kale kuliko ndugu zake wote, hakitumii faihu kwa mifugo hata mara moja.