Chipukizi wa raundi ya 7 si wa kujazia nafasi tu

Mashabiki wengi wa futiboli ya Marekani huamini kwamba chipukizi aliyechaguliwa raundi za mwisho za uteuzi, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, huchagua wachezaji wapya kwa zamu, hawezi kuifaa timu. Imani hiyo ina msingi: kwa wastani, wa raundi ya kwanza hucheza zaidi na hudumu zaidi. Lakini uteuzi una raundi 7, na kikosi cha msimu kina wachezaji 53, hivyo wa raundi ya kwanza pekee hawawezi kukijaza. Wengi wa raundi za chini huanza kwa kuwakaba wanaorudisha mipira iliyopigwa teke, kazi ngumu ninayoiheshimu sana. Yupo hata kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, ambaye hakuchaguliwa kabisa, akaja kutwaa ubingwa.

Fungua orodha ya timu yako, tazama wanaoanza mechi, kisha tafuta kila mmoja alichaguliwa raundi ya ngapi.