Viatu vya chuma si dawa ya kila kwato inayouma
Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kwamba farasi akichechemea, apigiliwe viatu vya chuma na maumivu yataisha. Si kweli. Kiatu huinua wayo usikanyage mawe, hivyo farasi mwenye wayo mwembamba huweza kutembea vizuri siku hiyohiyo. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Jipu lililo ndani ya kwato, au laminaitisi (uvimbe wa tishu zinazoshikilia ukwato kwenye mfupa), haliponi kwa misumari. Gusa kwato zote: kuna yenye joto kuliko nyingine? Mshipa wa kwenye kifundo unadunda kwa nguvu? Basi mwite daktari wa mifugo kwanza. Kumvua viatu nako si tiba ya haraka, maana ukwato huchukua takriban miezi 12 kukua upya upande wa mbele. Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze.