Figo za kiatu cha farasi, na mawe yake

Mtu mmoja kati ya kila 400 hadi 500 huzaliwa figo zake mbili zikiwa zimeshikana. Mara nyingi huungana ncha za chini, zikatengeneza umbo la U, na ndiyo maana zikaitwa figo za kiatu cha farasi. Wanaume huwa nazo karibu mara mbili ya wanawake. Wengi huzeeka nazo bila kujua, kwa sababu figo zenyewe zinachuja damu vizuri tu. Taabu ni mawe: takribani mmoja kati ya watano wenye figo hizi huyapata.

Mtoto akiwa bado anaumbwa tumboni, figo huanzia chini kwenye nyonga, kisha hupanda taratibu hadi chini ya mbavu huku zikigeukia ndani. Zikishikana, kile kiungo cha katikati hunaswa na mshipa mmoja wa damu unaotoka mbele ya uti wa mgongo, na safari inaishia hapo. Figo zinabaki chini, karibu na usawa wa kitovu, na hazigeuki. Mrija wa kushusha mkojo nao huchomoza juu kuliko kawaida, halafu unalazimika kupita mbele ya kile kiungo ndipo uteremke kwenye kibofu. Mkulima wa mpunga wa Usangu ameshaona jambo hili shambani: maji yakilazimika kupanda tuta kabla ya kushuka jaruba la pili, mchanga hubaki nyuma ya tuta. Kwenye figo, mkojo unaotuama hujenga mawe, na mkojo huohuo hukaribisha wadudu wa maambukizi.

Maumivu nayo yanapotosha. Jiwe la figo la kawaida huuma ubavuni na kushukia kinenani. Figo ikiwa imekaa chini na mbele, mtu anaweza kuumwa karibu na kitovu. Nyumbani wataita ngiri au chango. Dukani atapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Akienda kupima mkojo ataambiwa ana UTI, atameza dozi, atapata nafuu, kisha itarudi, na baada ya mwaka inaitwa UTI sugu. Kwa maoni yangu, yeyote anayeambiwa ana UTI sugu na bado anaumwa tumbo au ubavu anastahili kupigwa picha ya figo kabla ya kuandikiwa dozi nyingine.

Picha yenyewe isomwe kwa makini. Ultrasaundi huweza kuliona jiwe na kukosa kuona kwamba figo zimeungana, kwa sababu gesi ya utumbo hukifunika kiungo cha katikati. Kwenye karatasi ya majibu huandikwa kwamba ncha ya chini haikuonekana vizuri. Sentensi hiyo fupi isipitwe hivihivi. Kipimo cha CT, yaani eksirei inayopigwa kwa tabaka kwa msaada wa kompyuta, ndicho kinachoonyesha ukubwa wa jiwe kwa milimita, njia ya mrija, mishipa ya damu iliyokaa pasipo kawaida, na kama utumbo mpana umejificha nyuma ya figo. Kwa mgonjwa wa Kyela, hii mara nyingi maana yake ni rufaa ya kwenda Mbeya mjini, na nauli yake inauma. Hata hivyo, kutibu mawe ya figo za namna hii bila kuijua ramani yake ni hatari zaidi.

Sasa tiba. Swali ambalo mgonjwa anapaswa kumuuliza daktari ni hili: vipande vitatokaje? Mashine ya mawimbi, iliyotumika kwa binadamu mara ya kwanza mjini Munich mwaka 1980, hulivunja jiwe bila kisu, na hata kwenye figo zilizoungana inalivunja. Lakini vipande vinabaki nyuma ya lile tuta, vinakua tena, na mgonjwa anarudia mara ya pili na ya tatu. Kwa hiyo inafaa zaidi kwa jiwe dogo, lisilozidi kama sentimita 1.5, na kwa mtu ambaye mkojo wake unashuka vizuri.

Jiwe lisilofika sentimita 2 linaweza kufuatwa kwa kamera nyembamba inayopinda, inayoingizwa kupitia njia ya mkojo na kulisaga kwa leza. Kona za mrija huu huifanya kazi iwe ngumu, ila vipande vinaweza kuvutwa nje palepale.

Jiwe kubwa kuliko hapo hutolewa kwa tundu dogo mgongoni. Hapa maumbile yanamsaidia daktari kidogo: kwa kuwa figo zimekaa chini, anaweza kuingilia ncha ya juu akiwa mbali na mapafu, na mishipa mingi ya damu huingilia mbele, si nyuma. Na kama mrija umebana pale unapoanzia, kutoa jiwe peke yake hakutoshi. Palipobana napo parekebishwe.

Figo iliyobaki kwenye nyonga ni habari nyingine. Nyuma yake kuna mfupa na mbele kuna utumbo, kwa hiyo tundu la mgongoni halifai. Hutumika kamera ya njia ya mkojo, au upasuaji wa matundu tumboni.

Homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya jiwe ni dharura. Usisubiri siku ya kliniki, nenda usiku huohuo. Hapo kwanza mkojo uliozibwa hufunguliwa njia kwa mpira, dawa za wadudu hutolewa, na jiwe hushughulikiwa baadaye.

Baada ya tiba, kunywa maji hadi upate mkojo usiopungua lita 2 kwa siku. Baridi ya Juni na Julai huko Njombe na Mufindi huondoa kiu, na mkojo mzito wa njano iliyokolea ndio unaokuambia maji hayatoshi. Punguza chumvi. Usiache maziwa, kwa sababu chai ya rangi ina okseleti, kemikali inayojenga mawe, na maziwa huinasa tumboni kabla haijafika kwenye figo. Ukikojoa kipande, kichuje kwa kitambaa safi ukipeleke maabara, kwa sababu mawe ya asidi ya yuriki huweza kuyeyushwa kwa dawa.

Jambo la mwisho, mwombe daktari aandike kwenye kadi yako kwamba figo zimeungana. Kiungo kile kimelala juu ya uti wa mgongo bila mbavu za kukikinga, na pigo la usukani wa bodaboda tumboni linaweza kukipasua. Atakayekupokea siku hiyo anahitaji kulijua hilo mapema.