Sifuri si kosa la uchapaji: watu wa manispaa ndogo za Ufaransa wanavyohesabiwa

Kila Januari, makarani wa sensa wanapoanza kugonga milango vijijini Ufaransa, maswali ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi huko, au wenye ndugu huko, huwa mengi. Safari hii lililotia fora ni moja: iweje manispaa ya Fleury-devant-Douaumont, katika mkoa wa Meuse, iandikwe kuwa na wakazi 0 mwaka hadi mwaka? Wengine hawaulizi, wanasahihisha. Wanasema karani amesahau kujaza.

Hakuna aliyesahau.

Neno “manispaa” lenyewe ndilo linalopotosha. Mtanzania akilisikia anawaza Moshi au Kinondoni: lami, soko, makumi au mamia ya maelfu ya watu. Ufaransa ni habari nyingine. Sheria ya tarehe 14 Desemba 1789, Mapinduzi yakiwa bado mabichi, ilizifanya parokia za zamani, kubwa kwa ndogo, kuwa manispaa zenye meya wao. Leo zipo karibu 35,000, na zaidi ya nusu hazifikishi watu 500. Kijiji ambacho kwetu kingekuwa na mwenyekiti wa kitongoji, kule kina meya, baraza na bajeti.

Fleury kilikuwa kijiji cha namna hiyo: watu 422 kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wakulima na watu wa kazi za mbao. Tarehe 21 Februari 1916 mizinga ya Wajerumani ilianza kunguruma kuzunguka mji wa Verdun na wanakijiji wakaondolewa. Kati ya Juni na Agosti mwaka huo Fleury kilipita mikononi mwa Wafaransa na Wajerumani mara 16, hadi hapakubaki ukuta uliosimama. (Kwa wanaodhani vita hivyo havikutuhusu: tarehe 24 Oktoba 1916, ngome ya Douaumont iliyo jirani ilipokombolewa, miongoni mwa askari wa Ufaransa walikuwamo wa batalioni ya Wasomali, iliyoandikisha pia vijana wa Visiwa vya Komoro.)

Vita vilipokwisha ardhi ilikuwa imejaa mabomu yasiyolipuka, risasi na miili. Serikali ikaiweka katika eneo lililopigwa marufuku kulimwa na kujengwa, ikapanda msitu. Lakini haikukifuta Fleury wala vijiji vingine vilivyobomolewa kama hicho. Mwaka 1919 iliamua viendelee kuwa manispaa, kwa heshima ya waliokufa. Sita kati ya manispaa hizo hazijapata mkazi tangu hapo: Beaumont, Bezonvaux, Cumières, Fleury, Haumont na Louvemont. Kwa kuwa hakuna wapiga kura, meya hachaguliwi. Mkuu wa serikali mkoani huteua tume ya watu watatu na mmoja wao ndiye meya. Hutunza kanisa dogo, njia za wageni na vibao vinavyoonyesha palipokuwa duka la mikate, shule na dobi. Kwa hiyo manispaa ipo kisheria hata kama hakuna anayelala humo. Sidhani jambo hili ni gumu kiasi cha kuandikiwa barua tatu na mtu mmoja.

Tatizo kubwa zaidi, nadhani, ni kwamba wengi wetu tumelelewa na sensa ya aina nyingine. Tanzania mwaka 2022 swali lilikuwa: nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti? Ufaransa haiulizi ulilala wapi, inauliza makazi yako ya kawaida ni yapi. Mtalii akipiga hema Fleury usiku kucha, Fleury itabaki 0. Na wewe uliyekwenda Lyon kumtembelea shangazi wiki ya sensa, huhesabiwi kwa shangazi.

Utaratibu ni huu. Manispaa zenye watu chini ya 10,000 huhesabiwa nyumba kwa nyumba mara moja kila miaka mitano, kwa zamu. Ndiyo maana jirani yako wa kijiji cha pili anaweza kuhesabiwa mwaka huu na wewe usihesabiwe. Zamu zote zilisogea mwaka mmoja kwa sababu sensa ya 2021 iliahirishwa kutokana na UVIKO-19. Kazi huanza Alhamisi ya tatu ya Januari na, kwa manispaa hizi ndogo, hufungwa Jumamosi katikati ya Februari. Karani huja na kitambulisho chenye picha na rangi tatu za bendera. Anakuachia maelekezo ya kujibu kwa intaneti. Usipoweza, anakupa dodoso la karatasi, moja la nyumba na moja kwa kila mtu aishiye humo, pamoja na mtoto mchanga. Hakuna malipo. Anayedai pesa si karani, na ofisi ya meya iarifiwe siku hiyo hiyo.

Kujibu ni lazima, kwa sheria ya tarehe 7 Juni 1951. Anayekataa anaweza kutozwa faini ya euro 38. Faini ni ndogo, najua, na wapo wanaoniambia waziwazi kwamba watailipa. Karani anayetoa siri za dodoso naye ana adhabu yake: kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya hadi euro 15,000. Dodoso linauliza uraia na mahali ulipozaliwa, ni kweli. Haliombi kibali cha kuishi, wala majibu yako hayapelekwi polisi au kwa watu wa kodi. Hili tumelisema na tutalisema tena.

Mwanafunzi mtu mzima aliyepanga chumba mjini huhesabiwa mjini. Wazazi kijijini wasimwandike kama mkazi wao. Akiwa chini ya miaka 25 huingizwa kwenye hesabu ya pembeni ya kijiji, ambayo haichanganywi na wakazi wenyewe. Kosa hili dogo lina uzito, kwa sababu manispaa ya watu chini ya 100 hupangiwa madiwani 7, na ikifika 100 huwa 11. Mwanafunzi mmoja aliyehesabiwa mara mbili anaweza kubadili ukubwa wa baraza.

Kama zamu ni ya manispaa yako na karani hajafika, usisubiri. Piga simu ofisi ya meya kabla ya ile Jumamosi ya kufunga, na uwahi, maana ofisi za vijijini nyingi hufunguliwa siku chache tu kwa wiki.