Kinjeketile kizimbani: kesi huanzia kwenye hati ya mashtaka

Mara ya kwanza nilipompandisha Kinjeketile, mhusika mkuu wa tamthilia yenye jina lake, kizimbani darasani, nilikosea kabla hata jaji hajaketi. Niliandika ubaoni: "Je, Kinjeketile ana hatia?" Baada ya dakika 20 upande mmoja ulikuwa unalaani ukoloni, upande wa pili unalaani uganga, na vitabu vimefungwa mezani. Hakuna aliyekuwa anasoma. Tangu hapo nimeiendesha kesi hii mwaka baada ya mwaka, na sehemu kubwa ya maandalizi yangu huishia kwenye sentensi moja: hati ya mashtaka.

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, inafaa sana kwa kazi hii kwa sababu mshtakiwa wake si mtu mbaya. Watu wananyanyaswa kwenye mashamba ya pamba ya Wajerumani, makabila hayaaminiani, kila mmoja anateseka kivyake. Kinjeketile anaingia mtoni, anatoka na maji ya dawa yanayosemwa kuzuia risasi, na neno la umoja. Watu wanaungana. Kisha yeye mwenyewe anaanza kulitilia shaka neno lake, lakini neno limeshakua, limemzidi nguvu.

Swali la kwanza ni nani anashtaki. Serikali ya Wajerumani? Hapana. Kosa lao wangeliita uasi, na wanafunzi wote wangekuwa upande wa utetezi kabla ya shahidi wa kwanza. Kwangu wanaoshtaki ni wafiwa: wajane na yatima wa waliokwenda vitani wakiwa wamejipaka maji. Hapo darasa hutulia. Kumtetea Kinjeketile mbele ya mkoloni ni rahisi, lakini mbele ya mama aliyempoteza mwanawe ni lazima ufungue kitabu.

Sasa hati yenyewe. Nilianza na hii: "Alisababisha vifo kwa kuwapa watu maji akijua hayazuii risasi." Neno zito hapo ni "akijua". Wakili mzuri wa utetezi anaibomoa kwa maswali machache tu: alipoyagawa maji, aliamini au hakuamini? Upande wa mashtaka ukishindwa kuonyesha ukurasa ambao mshtakiwa alijua siku ile ile, kesi imekufa. Siifuti hati hiyo. Nawaacha washindwe nayo, kwa sababu kushindwa huko ndiko kunakowarudisha kwenye maandishi kuitafuta saa ya shaka: maneno kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, na jinsi Kinjeketile anavyogutuka anapong'amua kwamba kumbe wangemtoa bwana mmoja na kumpata mwingine.

Kisha nawapa hati ya pili: baada ya kuingiwa na shaka, je, alifanya yote aliyoweza kuwazuia watu? Hii ndiyo kesi hasa. Aliwaambia wasubiri. Wao walichoka kusubiri. Je, "subirini" inatosha pale ambapo ukweli ni "maji haya siyaamini tena"? Nimeona wanafunzi wakirudia ukurasa mmoja mara nne kutafuta jibu la swali hilo, jambo ambalo muhtasari wowote wa mtihani haujawahi kuwafanyisha.

Shahidi muhimu kuliko wote ni Kitunda, kwa kuwa ni mpiganaji, yuko karibu na mshtakiwa, na si mwepesi wa kuamini. Mpe mwanafunzi aliyesoma kitabu mara mbili. Shahidi haruhusiwi kusema ambacho mhusika wake hakukiona wala kukisikia. Akiteleza, wakili wa upande wa pili anasimama na kuuliza neno moja tu: "Ukurasa?" Asipoupata, karani anafuta.

Kuna mtego mmoja ambao hutokea kila mara. Mwanafunzi hodari wa historia huja na takwimu za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907: Wajerumani walitaja vifo 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Utetezi nao hujibu kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yule mtu halisi wa historia, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza, basi atabebaje vifo vya miaka miwili? Ni hoja safi, na zote mbili nazikataa. Mwandishi mwenyewe ametenganisha mtu wa historia na mhusika wake. Anayeshtakiwa darasani ni wa kwenye karatasi. Hata hivyo nasisitiza heshima. Kwa mtoto wa Songea, ambako Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa, haya si maigizo tu, na sivumilii mtu kuchezea kifo ili darasa licheke.

Kuhusu mpangilio sina mengi. Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Mawakili watatu kila upande, mashahidi wasizidi watano. Msiige baraza la wazee 12 linaloamua hatia kwenye sinema za Marekani. Kwetu Tanzania, Mahakama Kuu kwa miaka mingi ilikaa na wazee wa baraza, raia waliotoa maoni ambayo hayakumfunga jaji. Darasa zima lililobaki liwe wazee wa baraza, kila mmoja aandike maoni yake na ukurasa unaoyabeba. Hizo ndizo karatasi ninazosahihisha.

Hukumu huamuliwa na onyesho la mwisho. Kinjeketile amekamatwa, amepigwa, na anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Upande wa mashtaka husema: angetamka, wangapi wangerudi nyumbani? Utetezi husema: angetamka, watoto watakaozaliwa wangerithi nini? Sijawahi kuona wazee wa baraza wakikubaliana hapo.

Mwaka jana aliyekaa kizimbani alikuwa msichana mkimya wa kidato cha tano. Wakili alimsogelea akamuuliza: "Wajane wako hapa mbele yako. Una lipi la kuwaambia?" Alifungua kitabu, akapekua kurasa za mwisho polepole, akakifunga. "Mheshimiwa jaji," alisema, "kitabu hakijanipa neno la kuwaambia."

Karani aliliandika jibu hilo kwenye mwenendo wa kesi kama lilivyo, na wakili akakaa.